Gauni Lililotiwa Weusi

Haya yalimpata Noreen Garside, mpishi mstaafu wa shule ya msingi ya Hebblethorpe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: keki yake ya tangawizi na ulimi wake usio na breki. Hakuwa mtu wa mizimu. Enzi zake za kantini, wapishi wenzake walipoanza habari za nyumba zenye vivuli, aliwaambia wale kwanza, chakula kinapoa. Kwa hiyo siku aliyoyasimulia haya, ameketi jikoni kwake na kikombe cha chai asichokigusa, hakuna jirani aliyethubutu kucheka.

Ilianza Jumatatu moja ya Novemba, siku ya kawaida kabisa, mawingu yamelala juu ya vilima na moshi wa dohani za nyumba ukipanda wima. Mumewe, Clifford, alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Dada yake Noreen alikuwa amechoka kumkuta ameikodolea macho televisheni iliyozimwa.

"Makumbusho wanatafuta watu wa kujitolea kushona," dada mtu alimwambia. "Mikono unayo. Ukiendelea kukaa hapo utaota uyoga."

Noreen akaenda, shingo upande.

Makumbusho yenyewe yalikuwa orofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha sufu, chumba kirefu chenye madirisha makubwa na sakafu ya mbao iliyolowa mafuta ya miaka mia. Msimamizi wa nguo aliitwa Mavis Barraclough, ajuza wa miaka themanini na moja, fundi tangu utotoni, mgongo umepinda na macho makali kama ya kunguru. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya mavazi ya wanawake wa enzi za Malkia Victoria, na zilibaki wiki tatu.

"Nikwambie ukweli, Bi Mavis," Noreen alisema akivua koti, "nguo hizi mimi sizipendi. Wanawake wamefungwa kama kuku wa Krismasi. Hawapumui, hawainami, wanazimia kwenye ngazi."

"Umewahi kuvaa?"

"Mungu aniepushe."

"Basi unamsema mtu ambaye hujakaa naye. Nawa mikono, vaa glavu, keti."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Mavis hakumfundisha kwa vitabu. Alimwekea gauni mezani, akaligeuza ndani nje, akamwambia atazame. Noreen akaona utepe mgumu kama brashi ulioshonwa kwenye upindo wa chini, ili matope yaule huo na kuiacha hariri salama. Ukiisha, unabandua na kushona mwingine. Akaona mfuko uliofichwa ndani ya mshono wa sketi, mkubwa wa kumeza mkate mzima. Akaona kiuno kilichopanuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu, na tundu za sindano bado zikionekana.

"Watoto watatu huyu," Mavis alisema. "Na gauni ni lilelile. Wewe unawadhani hawa wanawake wajinga wa anasa. Unaona anasa hapo?"

"Naona mtu mbahili."

"Naona mtu mwenye akili," Mavis akajibu, nao wakacheka.

Wiki ya kwanza haikwisha, Noreen akajikuta kwenye basi anakagua mishono ya makoti ya watu. Akanunua daftari, akawa anachora mikono ya magauni: mipana kwenye kiwiko, myembamba kwenye kifundo, mshono umerudishwa nyuma ili uchakavu usionekane. Alikuwa hajalala vizuri tangu Aprili. Sasa akawa analala.

Kitu kimoja tu alikikataa. Koseti, zile nguo ngumu za ndani za kubana kiuno na kifua. Zilikuwa sita, zimelazwa kwenye trei, na Noreen hakuzigusa hata kwa glavu. Alipotaka kuisogeza trei, aliisukuma kwa rula.

"Hicho si cha kukunyonga, mwanangu," Mavis alimwambia. "Sketi ya ratili kumi na mbili utaitundika wapi? Ilikaa juu ya hicho, nyonga zisikatike."

"Nimesikia, mama. Lakini mimi kufungwa kifua sikutaki hata kwa kutazama."

Mavis alimwangalia kidogo, kisha akarudi kwenye sindano yake.

Ijumaa ya wiki ya pili wakafungua boksi namba mia moja na kumi na nne.

Ndani mlikuwa na gauni jeusi la sufu, zito, bila lesi wala shanga. Katikati ya hariri za zambarau na kijani zilizosimama mle chumbani, lilionekana kama mtumishi aliyeingia ukumbini kwa makosa. Sketi yake ilikuwa pana ajabu, ya kuvaliwa juu ya fremu ya waya. Ukiitandaza sakafuni ilichukua nafasi ya meza ya watu wanane.

"Na hili tunalionyesha?" Noreen aliuliza.

"Hili lina uzito kuliko yote. Geuza ndani."

Noreen akageuza. Ndani ya mishono, pale ambapo rangi haikufika, sufu ilikuwa ya kahawia, kahawia nzuri yenye joto, kama maganda ya njugu.

"Halikuwa jeusi," alisema.

"Halikuwa. Wenye uwezo waliagiza gauni la msiba dukani. Huyu alikuwa na gauni moja zuri, akalichemsha kwenye sufuria lake mwenyewe na rangi ya unga. Tazama pale, limejikunja kwa maji ya moto. Alikuwa na haraka."

"Mumewe alikufa?"

"Endelea kutazama. Kifuani, chini ya marinda."

Noreen akayainua marinda kwa ncha za vidole. Chini yake mlikuwa na nafasi mbili ndefu, moja kila upande, kingo zake zimezungushiwa utepe laini. Utepe ulikuwa umechakaa kidogo mahali vidole vilipopita. Alijua kabla hajaambiwa.

"La kunyonyeshea," Mavis alisema polepole. "Alilishona akiwa mjamzito. Kwa uchakavu huo, lilitumika wiki mbili, tatu. Halafu likatiwa weusi."

Chini barabarani basi lilipita, vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Aliitwa nani?"

"Hatujui. Lilikutwa kwenye sanduku, nyumba ilipobomolewa. Hamna jina wala barua."

Noreen alilishika gauni lile muda mrefu. "Angalau watu walimwona," alisema mwishoni. "Alipopita na weusi wake, walijua."

"Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ukimwona mwanamke kavaa hivi, unashusha sauti. Humletei upuuzi, humwambii achangamke. Mwaka mzima ana ruhusa ya huzuni yake."

"Mwaka mzima," Noreen alirudia, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwahi kumudu.

Gauni lile akapewa yeye. Akalivalisha sanamu ya mbao, kiwiliwili kisicho na kichwa wala mikono, akaweka fremu ya waya chini ya sketi. Zile nafasi mbili za kifuani zilikuwa zinaachama, kwa hiyo akazipigia bandi kwa uzi mweusi, mishono kumi na miwili kila upande, kila mmoja na uzi wake. Akazima taa, akaenda nyumbani.

Jumatatu alikuta kifua cha gauni kina madoa mawili yaliyolowa, ya mviringo, kila moja sawa na sahani ya kikombe.

"Paa," Mavis alisema. Wakatazama juu. Dari lilikuwa kavu kama mkate wa jana.

Noreen akayakausha kwa kitambaa. Alipokileta kitambaa karibu na uso, alisikia harufu tamu, hafifu, ya kitu cha uvuguvugu. Alikitupa kwenye pipa upesi, akanawa mikono mara mbili.

Ndipo alipoona bandi zake. Nyuzi zote zilikuwa zimefumuliwa. Hazikukatwa. Zimevutwa moja moja, zikanyooshwa, zikalazwa mezani sambamba. Alizihesabu. Ishirini na nne.

"Bi Mavis, wewe umefumua?"

"Mimi mikono yangu ina baridi yabisi, mwanangu. Mishono yako midogo hivyo nitaifumulia wapi?"

Akapiga bandi upya. Jumanne akazikuta mezani.

Jumatano akaamua kukaa na gauni lile akilitazama, kazi nyingine zote aziache. Asubuhi ikapita. Wakala mikate yao yenye jibini. Mavis akasinzia kwenye kiti karibu na hita. Jua la baridi liliingia kwenye madirisha ya magharibi, jeupe, likaangaza kila kitu. Noreen alikuwa anashona kifungo huku akilichungulia gauni kila baada ya muda.

Saa tisa na dakika kumi alasiri, akaona.

Hakukuwa na sauti. Weusi wa kifuani ulizidi kuwa mweusi, mahali pawili, padogo kama sarafu. Halafu pakubwa. Halafu tone likaning'inia kwenye rinda, likadondoka. Lilikuwa jeupe.

Tone. Sakafuni. Tone jingine.

Noreen hakupiga kelele. Aliinuka, akanyoosha kidole, akagusa. Palikuwa na joto. Joto la mwili.

"Bi Mavis," alinong'ona.

Ajuza alikuwa macho tayari. Alikuwa ameona. Alisimama kwa taabu, akaja taratibu, akamshika Noreen kiwiko.

"Liliwahi kufanya hivi?" Noreen aliuliza.

"Nimekaa nalo miaka ishirini na mbili," Mavis alinong'ona. "Nimelala kwenye kiti hiki, nimekula mbele yake. Halijawahi. Kwa yeyote."

Kisha akauliza, kwa upole uliomtisha Noreen kuliko lile tone: "Una mtoto, mwanangu?"

"Sina," Noreen akajibu.

Alikuwa amelijibu swali hilo hivyohivyo kwa miaka arobaini na mitatu. Alilijibu dukani, kanisani, kwenye fomu za hospitali. Akachukua koti lake, akashuka ngazi, hakuaga.

Usiku ule hakulala, akatoka kitandani kabla ya alfajiri. Alikaa jikoni akikumbuka yale ambayo Clifford alimwomba wasiyazungumze, kwa sababu Clifford naye alikuwa hajui ayabebe vipi. Mwaka wa sabini na moja, Noreen akiwa na miaka ishirini na miwili, alijifungua mtoto wa kike aliyekuwa amekwisha kufa tumboni. Ilikuwa alasiri, ukutani palikuwa na saa, na ilikuwa tisa na dakika kumi. Muuguzi alimfunika mtoto kwa taulo, akatoka naye. Mlango ukafungwa. Noreen hakuonyeshwa hata unyayo. Alipouliza, daktari alimwambia asijiumize, yeye bado kijana, atazaa mwingine. Kumbe hakuzaa tena. Siku ya tatu maziwa yakaja, na wauguzi wawili wakamfunga kifua kwa bendeji pana, wakavuta mpaka akaona nyota, wakapiga pini. Wiki ya pili alikuwa amerudi kantini, na aproni nyeupe. Hakuna aliyeshusha sauti. Watu walisema tu kwamba amepungua, anapendeza.

Mtoto alizikwa wapi, hakuambiwa. Wakati ule akina mama hawakuambiwa.

Alhamisi alikwenda makumbusho akiwa amedhamiria kulirudisha gauni kwenye boksi na kuacha kazi. Mavis hakuwepo, ilikuwa siku yake ya kliniki, na alikuwa ameacha ujumbe kwamba atachelewa. Noreen aliifanya kazi yake yote kwanza. Alishona, akapiga pasi, akafagia. Kila alipopita mbele ya gauni alitazama pembeni. Saa ukutani ilipofika tisa kasoro dakika tano, akajilazimisha kusimama mbele yake.

Mikono ya gauni ilikuwa imekunjika.

Sanamu haikuwa na mikono. Asubuhi ile mikono ya gauni ilining'inia bapa, mitupu. Sasa ilikuwa imejaa. Imekunjika kwenye viwiko, wa kushoto juu, wa kulia chini, mbele ya kifua. Kama mtu aliyebeba. Ila katikati hapakuwa na kitu.

"Wewe dada," Noreen alinong'ona. "Unataka nini kwangu?"

Hita ililia mara moja ikanyamaza.

Aliinyoosha mikono ile. Ilikubali. Akafungua vikulabu vya mbele, akaiinua sehemu ya juu, akaifungua sketi kiunoni. Nia yake ilikuwa kulikunja na kulifunika. Hilo aliapa mbele ya dada yake na mbele ya kasisi. Nia yake ilikuwa boksi.

Lakini gauni lilikuwa na joto, na kutoka hapo hakumbuki. Anakumbuka sweta yake ikiwa sakafuni. Anakumbuka uzito ukimshukia mabegani. Kiuno cha gauni lile kilikuwa inchi ishirini na sita. Noreen alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitano aliyekula keki zake mwenyewe. Halikumbana hata kidogo.

Kikulabu cha chini kikafunga. Yeye hakukigusa.

Cha pili. Cha tatu. Vikapanda juu, kimoja kimoja, bila haraka, kama vidole vya mtu anayemvalisha mtoto. Alishika ukosi akavuta. Ukosi haukusogea. Kikulabu cha mwisho kikafunga chini ya koo.

Halafu kifua kikaanza kuuma.

Aliyajua maumivu yale. Ya siku ya tatu. Mawe mawili yanayochemka. Alijisemea haiwezekani, mimi ni bibi kizee. Maziwa yakatoka. Yakapita kwenye zile nafasi mbili, yakashuka juu ya sufu nyeusi.

Saa ukutani ikafika tisa na dakika kumi.

Kitu kikawekwa mikononi mwake.

Hakukiona. Alitazama, hakuna kitu, palikuwa na mikono yake tu imekunjika. Lakini uzito ulikuwepo. Ratili sita hivi. Alikuwa amepima unga maisha yake yote, asingekosea. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na kichwa, kilichotulia kwenye kiwiko chake cha kushoto, na kisigino kidogo kilichomgusa mbavuni.

Nyuma ya sikio lake mtu alikuwa anapumua. Polepole. Kama mtu anayechungulia begani mwa mwenzake.

Noreen akapiga magoti. Akakaa sakafuni, akauzungusha uzito ule kwenye kifua chake, akaanza kuubembeleza huku na huku. Hakuogopa tena. Ndivyo alivyosimulia. Alisema hakujua dakika ngapi zilipita, ila zilikuwa dakika bora za maisha yake.

Kisha joto likaanza kuondoka.

Lilianzia kwenye kisigino. Likapanda. Aliubana uzito ule kwake, akaupulizia pumzi, akausugua. Ulipoa vilevile. Mkono mmoja, halafu mwingine. Gauni likaanza kubana. Mbavu zikalia. Aliyepumua nyuma yake sasa alikuwa analia, kilio cha chini kisichotafuta mfariji.

Hivyo ndivyo Mavis alivyomkuta. Ajuza alisimama mlangoni na mkoba wake wa kliniki, akaona Noreen katikati ya sketi ile nyeusi, uso wa majivu, midomo ya bluu, akibembeleza hewa, akasikia na kilio cha mtu asiyeonekana nyuma yake. Alijaribu vikulabu. Vilikuwa kama vimechomelewa. Akachukua mkasi. Mkasi haukuingia kwenye sufu.

Akautupa. Akajishusha sakafuni na magoti yake mabovu mpaka uso wake ukawa sawa na wa Noreen.

"Anaitwa nani?" alinong'ona.

"Hakupewa jina." Noreen alikuwa na pumzi kidogo tu. "Hawakuniruhusu."

"Sikuulizi wao. Wewe ulimwita nani? Kule ndani ulikomficha."

Noreen alitikisa kichwa. Gauni likabana. Mavis alisema alisikia kitu kikitoa mlio ndani ya kifua cha mwenzake, kama kijiti kinachovunjika.

"Mwambie, mwanangu. Na huyu wa nyuma yako anataka kusikia."

"Lorna," Noreen alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka mdomoni mwake. Akalisema tena. Akalisema mara ya tatu, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye chumba cha pili.

Kikulabu cha kooni kikafunguka. Kikafuata cha chini yake. Vikashuka vyote mpaka kiunoni, na uzito mikononi mwake ukapungua, ukapungua, mpaka hakujua tena ni dakika gani uliondoka. Mavis alimvua gauni, akamfunika koti lake mwenyewe, akamkumbatia. Wanawake wawili wazee walikaa sakafuni mpaka madirisha yakaingia giza, na Noreen alilia kilio cha miaka arobaini na mitatu.

Maonyesho yalifunguliwa kwa tarehe yake. Gauni jeusi lilisimama kwenye kabati la kioo, kavu, mikono bapa, na chini yake Noreen aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba lilikuwa la mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Watu waliosoma walishusha sauti.

Naye akajishonea gauni. Hakuiga fremu wala ukosi. Alishona gauni jeusi la kawaida la sufu, lakini upindo wake alitia utepe wa matope, na ndani ya mshono akaficha mfuko mkubwa, kama alivyofundishwa. Akalivaa kila siku. Kwenye duka la mikate mwenye duka alimwuliza, "Bado unamlilia Clifford, Bi Noreen?"

"Namlilia Clifford," alijibu. "Na binti yangu."

Mwenye duka akaweka koleo chini. "Sikujua una binti," alisema taratibu. "Alikuwa anaitwa nani?"

Mavis ndiye aliyemsaidia kuandika barua. Waliandika hospitalini, wakaandika kwa wasimamizi wa makaburi, wakajibiwa kwamba vitabu vya zamani vipo. Katikati ya Januari bahasha ikaja. Mtoto wa kike wa Garside, makaburi ya upande wa juu wa mji, kaburi la pamoja na wengine kumi na mmoja, safu ya mwisho karibu na ukuta. Halina jiwe.

Walikwenda Jumamosi asubuhi na mapema. Usiku ule baridi ilikuwa kali, na barafu nyembamba ilikuwa imefunika majani yote ya makaburi, nyeupe tupu kutoka getini hadi ukutani. Mlinzi, Bwana Uttley, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, aliwafungulia kufuli mbele yao.

"Nyinyi ndio wa kwanza leo," alisema. "Angalieni msiteleze."

Aliwatangulia kwenye njia akihesabu safu. Viatu vyao vilikata weupe ule na kuacha alama nyuma yao, jozi tatu. Alipofika safu ya mwisho, Bwana Uttley akasimama. Akavua kofia.

Pale kando ya kaburi, katikati ya weupe, palikuwa na duara. Duara kamili, pana kama meza ya watu wanane. Ndani yake hapakuwa na barafu hata chembe. Majani yalikuwa ya kijani, yamelala chini, yamebanwa, kama mahali alipokaa mwanamke mwenye sketi pana tangu jioni hadi mapambazuko.

Pembeni pake weupe ulikuwa mzima. Hakuna unyayo uliokwenda, wala uliotoka.

"Geti nililifunga mwenyewe," Bwana Uttley alinong'ona, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mavis aliushika mkono wa Noreen. Noreen akainama, akavua glavu, akaweka kiganja chake ndani ya duara. Akakiacha pale. Kisha akakiinua. Alitandaza koti lake pembeni, upande wa pili wa kaburi, asiingie ndani ya duara, akaketi kama mtu anayempisha mwenzake aliyetangulia kufika. Alikaa hapo mpaka jua likapanda juu ya ukuta na makaburi yote yakaanza kudondosha maji.

Bwana Uttley alisimulia baadaye kwamba baridi iliendelea hadi mwezi wa tatu. Kila asubuhi alipanda mpaka safu ya mwisho kutazama. Kila asubuhi barafu ilikuwa imefunika kila kitu, isipokuwa pale. Na siku ya Jumapili, ambayo Noreen alikuwa na desturi ya kuja, aliona majani yamebanwa mahali pawili.

Jumapili mbili Noreen aliugua, hakwenda kabisa. Hata siku hizo majani yalibanwa mahali pawili: pale pa sketi pana, na pale pa Noreen.